Moyo Ulipokwenda Mbio Kivukoni

Mwaka wa 2018, mwezi wa Shaabani, siku kama kumi hivi kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, nalikuwa nimesimama ndani ya feri ya Likoni na furushi la kanzu kwapani. Ilikuwa saa moja na nusu ya asubuhi, wakati ambapo watu hubanana humo hata mtu asipate nafasi ya kujikuna. Mimi ni mshonaji kanzu kwa kazi na mwandishi kwa mapenzi. Naishi ng'ambo ya Likoni, na duka langu, kama chumba kile chembamba kinastahili kuitwa duka, liko kisiwani, kichochoro kimoja kutoka mtaa wa Biashara. Njia hiyo nimeivuka tangu ujana wangu, wala sikupata kuiogopa.

Feri ilikuwa haijafika katikati ya mkondo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Hazikuwa mbio za mtu aliyepanda ngazi. Ulikuwa ukipiga kama mtu anayegonga mlango usiku wa manane. Jasho jembamba likanitoka, kinywa kikakauka, vidole vikafa ganzi, na midomo ikawa kama inayochomwa sindano. Kifua kikabana. Nikavuta pumzi nikaona haitoshi, nikavuta nyingine, na kila nilipovuta ndivyo nilivyozidi kuikosa. Sauti za watu waliokuwa wamenigusa bega zikawa zatoka mbali, kama zatoka ndani ya mtungi. Nikasema moyoni, basi, leo ndiyo siku yangu. Nikatoa shahada kimya kimya.

Nalikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Miezi saba nyuma ndugu yangu mkubwa alishika kifua baada ya sala ya alfajiri, akasema, "Chanibana," na kabla jua halijapanda alikuwa marehemu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi ndimi niliyemshika kichwa.

Lakini sikufa. Kijana nisiyemjua alinishika mkono mpaka juu ya mteremko, akanikalisha penye kivuli, akaninunulia dafu. "Kaa upate hewa, mzee wangu," akaniambia, akaenda zake kazini. Baada ya nusu saa nilikuwa sina kitu isipokuwa miguu iliyolegea na haya nyingi.

Nilipofika dukani sikuweza kutia uzi sindanoni. Kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo dogo. Shingo ya kanzu ina darizi yake ya mkono, na mteja wa Idi hutazama shingo kabla hajatazama kitu kingine. Nalikuwa na kanzu thelathini na sita za kumaliza kabla ya mwezi kwisha, arubuni za watu nimekwisha kuzila kwa kodi ya nyumba, na mikono yatetemeka kama ya mwenye homa ya baridi.

Siku tatu baadaye jambo lile lile likanijia msikitini, khatibu yuko juu ya mimbari. Kisha likanijia kitandani, nimelala usingizi wangu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa hofu yenyewe. Msikitini nikawa nachagua safu ya nyuma karibu na mlango, na viatu nikiviweka mahali nitakapoviona bila ya kuvitafuta. Usiku nikawa naweka vidole viwili kwenye kiganja na kuhesabu mapigo mpaka adhana ya alfajiri. Feri nikaiacha kabisa. Mwanangu wa kiume ndiye aliyepeleka na kuleta furushi, nami nikashonea barazani nyumbani. Wateja wa kisiwani, wanaotaka kupimwa kifua na mabega leo na si kesho, wakaanza kwenda kwa mafundi wengine.

Zahanati ya kwanza niliyokwenda sitaitaja jina. Aliyenipima alitazama karatasi, akasema, "Mzee, huna kitu. Ni mawazo tu." Akanipa vidonge vya kuumwa na kichwa. Ndugu msomaji, "huna kitu" ni maneno mabaya kumwambia mtu ambaye juzi ametoa shahada akingojea mauti. Ukiwa huna kitu, basi hiki kinachokupiga kifuani ni nini? Nilitoka pale nina maradhi yale yale, na juu yake nimeongezewa kuonekana mwongo.

MANENO YA WAZEE

Wakati ule nikiwa nimekaa barazani na sindano yangu ndipo nilipoanza kuyatazama maneno yetu wenyewe. Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mtu wa Mvita hasemi tu kwamba anaogopa. Husema roho i juu, moyo wampapa, tumbo lamkata, mwili wamsisimka, damu yamwenda mbio, miguu yamwishia nguvu. Tena yako maneno jakamoyo, wahaka, fadhaa, kihoro na kiwewe, na kila moja lina kiwango chake, wala mwenye lugha hawezi kuyachanganya. Jakamoyo limeubeba moyo ndani yake. Hata wasiwasi, neno tulilolitoa katika Kiarabu, asili yake ni kunong'onezwa, kama kwamba kuna asiyeonekana aliyekukalia sikioni akikutajia mabaya. Karibu kila tunapotaja hofu tunataja na kiungo cha mwili. Ni siku hizi tu ndipo tumeanza kusema "ni mawazo", kana kwamba mawazo hukaa peke yake juu ya rafu na mwili ukakaa chini.

Shangazi yake mke wangu yeye hakusema ni mawazo. Alisema ni jicho. "Baba, umehusudiwa," akaniambia. "Watu wameona kanzu zako zatoka." Akanipeleka kwa maalim aliyenisomesha nilipokuwa mtoto, mzee wa miaka themanini na kitu, macho hayaoni tena ila sikio ni zima. Maalim akaniandikia kombe kwa zafarani na marashi kwenye sahani nyeupe, nikalinywa, wala silikanushi. Lakini alipokwisha akaniambia, "Kombe umekunywa. Sasa nenda ukapimwe na daktari anayejua, na usirudi kuniambia kuwa umetosheka na kombe. Kutafuta dawa pia ni katika dini."

Kisha akanyamaza kidogo akisikiliza. "Wewe wahema," akasema. "Tangu umeingia wasema kwa pumzi moja maneno ya pumzi tatu. Nisomee Alhamdu."

Nikasoma, mbio mbio, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Akanipiga goti kwa kidole kama alivyokuwa akinipiga miaka hamsini iliyopita. "Simama penye kituo. Ngoja pumzi ikae, kisha ndipo uendelee. Aya saba, pumzi saba." Nikarudia. Mara ya tatu nilihisi mabega yananishuka, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa wiki tatu. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni baraka tu ya mzee yule, nayo baraka ilikuwamo.

KITI CHA DAKTARI

Daktari wa pili alikuwa mwanamke kijana, mtu wa pwani hii hii, buibui lake limening'inia nyuma ya mlango. Kabla ya kusema neno lolote juu ya wasiwasi alinipima. Alinifunga nyaya kifuani, kile kipimo cha umeme wa moyo kinachochorwa kwenye karatasi. Akatoa damu atazame kama nina upungufu wa damu, akapima sukari, akapima tezi ya shingo iitwayo thairoidi, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi humtia mtu jasho, mtetemeko na mbio za moyo sawasawa na za hofu. Aliniuliza kuhusu ndugu yangu, alikuwa na umri gani, alivuta sigara, alikuwa na presha. Alivuta, na presha alikuwa nayo. Majibu yalipokuja yote yalikuwa mazuri, naye hakusema huna kitu. Alisema, "Baba, unacho kitu, na kitu hicho nitakuonyesha sasa hivi, ukiniruhusu."

Akanikalisha kitini, akaniambia nipumue haraka na kwa nguvu kwa dakika moja, kama mtu aliyekimbia kutoka Makadara mpaka Fort Jesus. Nikaona ni mchezo wa kitoto. Haikutimia dakika vidole vikaanza kufa ganzi, midomo ikachoma, kichwa kikawa chepesi, kifua kikabana. Ilikuwa ni feri ile ile, mkondo ule ule, ila hapa palikuwa na kalenda ukutani na panka darini. Nikamtazama kwa hofu. Yeye alikuwa anatabasamu. "Sasa pumua polepole," akasema. Ikapungua, ikapungua, ikaondoka.

"Ni nani aliyekuletea?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu ila moja tu. Nimejiletea mwenyewe, kwa pumzi zangu mwenyewe.

Akanieleza, nami nitajaribu kueleza kama nilivyofahamu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mtu akishtuka, ubongo huziamuru tezi hizo zimimine adrenalini katika damu, na moyo, ambao mtu mzima akiwa ametulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, hupanda haraka ili upeleke damu kwenye mapaja na mikono, tayari kwa kupigana au kukimbia. Damu hiyo huondolewa kwenye ngozi na tumbo, ndiyo maana mikono huwa baridi na tumbo huchafuka. Mate hukauka kwa kuwa si wakati wa kula. Jasho hutoka ili mwili usipate joto. Yote hayo ni kazi njema ikiwa mbele yako kuna mbwa mkali. Lakini mtu aliyesimama ndani ya feri hana pa kukimbilia, basi hupumua mbio akiwa amesimama pale pale, na kwa kupumua hivyo hutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyopasa. Hewa hiyo ikipungua mno katika damu, mishipa ya kichwani hujibana, ndipo kinapokuja kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Mtu hudhani amekosa hewa, kumbe amezidisha. Akivuta zaidi huongeza kilekile kinachomtesa.

"Ni kama king'ora cha moto kilicholia kwa moshi wa mishkaki," akasema. "King'ora ni kizima, kimelia kama inavyopaswa. Moto ndio haupo." Akaongeza kwamba mshtuko wa namna hii kwa kawaida hufika kileleni katika muda wa dakika kumi hivi, kisha hushuka wenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kukaa katika hali ile siku nzima. Hilo la kushuka wenyewe ndilo lililonifaa kuliko dawa yoyote. Mimi sikuwa nimepata kungoja dakika hizo zipite. Kila mara nilikuwa nimekimbia, au nimekunywa maji, au nimemwita mtu, kisha nikasema kilichoniokoa ni kukimbia.

Nilimuuliza mbona basi ndugu yangu alikufa. Hapo hakutabasamu. Akasema ndugu yangu alikuwa na moyo mgonjwa kweli, na kwamba mtu asijifanyie uganga wa kujiambia ni hofu tu. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, yanayokuja mtu akitembea au akibeba mzigo na kupoa akipumzika, kupoteza fahamu, na kifua kinachobana kwa mara ya kwanza kwa mtu wa makamo, hayo yote ni ya kukimbilia hospitali mara moja. Kwanza upimwe, ndipo uambiwe ni wahaka. Tena akanikataza ule mchezo wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, ambao mtu mmoja wa baraza letu alinifundisha, kwa sababu akiwa mtu ana pumu au moyo mgonjwa, mfuko huo waweza kumdhuru.

Baadaye nilitafuta vitabu, na nilifarijika kuona kwamba si mimi wa kwanza. Mwaka wa 1871 daktari wa Marekani aitwaye Jacob Mendes Da Costa aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile, vijana waliolalamikia mbio za moyo, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, naye alipowapima wengi wao hakuona mioyo yao ina kasoro. Miaka mingi watu waliyaita maradhi hayo moyo wa askari. Mwaka wa 1915 Mmarekani mwingine, Walter Cannon, akatoa kitabu kinachoeleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, na hayo aliyonieleza daktari wangu yametoka katika mlango huo. Naye bibi mmoja daktari wa Australia, Claire Weekes, ambaye mwenyewe aliteswa na mbio za moyo katika ujana wake, alitoa kitabu mwaka wa 1962 kwa ajili ya watu wa kawaida, akiwashauri wasishindane na dalili hizo bali waziache zipite.

Ila aliyenishangaza zaidi ni wa kwetu katika dini. Abu Zayd al-Balkhi alizaliwa mwaka wa 850 karibu na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, akafariki mwaka wa 934. Kitabu chake kinaitwa Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Msomaji ataona kuwa hata jina lake twalifahamu nusu bila ya mkalimani. Sehemu moja ya kitabu ni ya mwili, sehemu nyingine ni ya nafsi, na humo anashughulika na ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja mlango wake. Anaona kuwa mwili na nafsi huambukizana maradhi. Na ana shauri moja ambalo mimi nimelifuata. Kama vile mtu mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla, ndivyo apasavyo kujiwekea mawazo mema akiwa ametulia, ili ayatumie nafsi inapochafuka. Karne kumi na moja zimepita! Nami nilikuwa nikiambiwa kwamba kuzungumzia mambo haya ni uzungu.

KAHAWA NA VINGINEVYO

Ramadhani iliingia katikati ya shughuli hii yote. Siku tatu za mwanzo kichwa kiliniuma sana, nikadhani ni jambo jipya. Halikuwa jipya. Mimi nilikuwa mtu wa kahawa tungu, vikombe vinane au tisa kwa siku, kwa sababu mpishi wa kahawa hupita mbele ya duka akigonganisha vikombe, na mtu mwenye heshima zake hamwachi akapita hivi hivi. Kafeini huongeza mapigo ya moyo na kuitetemesha mikono, na nusu yake bado imo katika damu baada ya saa tano hivi. Mfungo ulinikatia mchana wote. Wiki ya pili moyo ukaanza kutulia, nikaona ajabu. Kisha nikafanya ujinga, nikaanza kuilipa kahawa usiku baada ya tarawehe, nikawa nakesha nahesabu mapigo mpaka daku. Sasa nakunywa viwili, vyote kabla ya adhuhuri, na mpishi wa kahawa amenisamehe.

Miraa sili, lakini nina jamaa watafunao tangu magharibi mpaka usiku mwingi, kisha asubuhi wanalalamika moyo wawaenda mbio. Miraa ina kathinoni, nayo huuchapa moyo kuliko kahawa. Siwatolei hotuba. Nawaambia tu wahesabu siku walizotafuna na siku walizoteswa, waziweke karatasi mbili pamoja.

Jirani mmoja aliniletea vidonge vya usingizi alivyopewa mkewe. Nilivirudisha. Dawa za jamii ile ni za daktari kuandika na kusimamia, maana mwili huzizoea upesi na kuziacha ni taabu kuliko kuzianza, na vijana wangapi wa mitaa yetu tumewaona wakipotea kwa vidonge walivyonunua kimagendo. Wako watu wanaohitaji dawa kwa maradhi haya, zikawafaa sana, wala si aibu. Mimi sikuhitaji, na sijisifu kwa hilo.

Nilichohitaji ni pumzi. Daktari alinifundisha kuvuta kwa pua kwa hesabu ya nne, mkono mmoja juu ya tumbo ili nione tumbo ndilo linaloinuka na si mabega, kisha nitoe kwa hesabu ya sita. Mtu akivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, akitoa hupunguza, kwa hiyo mwenye kurefusha kutoa huuambia moyo upoe. Nilipomwambia habari za Maalim na Alhamdu, alicheka, akasema Maalim amemtangulia. Msomaji wa tajwidi hawezi kusoma kwa mabega. Hana budi kujaza pumzi tumboni, aitoe kidogo kidogo kwa sauti, asimame penye kituo. Mwaka wa 2001 madaktari wa Italia, akiwamo Luciano Bernardi, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wakirudia sala ya Kikatoliki ya Kilatini, au maneno ya yoga, pumzi zao hushuka mpaka kama sita kwa dakika, na moyo hufuata. Sisemi kwamba dhikri ni kidonge. Mwenye kumtaja Mola wake humtaja kwa kuwa ni Mola wake. Nasema tu kwamba mwili pia hupata fungu lake pale.

Nilizoea hilo penye cherehani. Mguu ukikanyaga mara nne, navuta. Ukikanyaga mara sita, natoa. Mwanzoni nilifanya nikiwa mzima tu, maana mtu hajifunzi kuogelea siku anapozama.

KURUDI MAJINI

Kazi iliyobaki ilikuwa feri, na hapo palikuwa pagumu. Kila mkaazi wa Likoni na Mtongwe ana mazishi yake katika maji yale. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, wakafa watu 272. Mtaa wetu ulichimba makaburi kutwa. Mimi baada ya hapo nilivuka miaka ishirini na nne bila ya kutetemeka, nikajiona shujaa. Labda hofu ile haikuwa imeondoka, ilikaa tu ikisubiri nyingine ije wafuatane.

Daktari hakuniambia nivuke. Aliniambia nishuke mteremko, nisimame nitazame feri ikija na kuondoka, nikae mpaka moyo upande na kushuka, kisha nirudi nyumbani. Nilifanya hivyo siku nne. Wachuuzi wa korosho wakaanza kunisalimu kama mwenzao. Siku ya tano nikavuka na mwanangu. Nilimwambia asinishike mkono, naye akajizuia, ingawa nilimwona vidole vyake vinachezacheza. Moyo ulipanda, ganzi ikaja. Mfukoni nilikuwa na kikaratasi, ile dawa ya al-Balkhi, nimekiandika mwenyewe kwa penseli ya kuchorea nguo: *Umepimwa. Ni king'ora. Ngoja.* Nikangoja. Tulipofika ng'ambo ya pili mwanangu akasema, "Baba, kanzu yako imeloa." Kweli ilikuwa imeloa mgongo wote. Lakini nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu.

Baada ya wiki tatu nikawa navuka peke yangu. Baada ya miezi miwili nikaacha kubeba chupa ya maji, ambayo wala sikuwa na kiu nayo. Msikitini nikasogea safu moja mbele kila Ijumaa. Nilichelewa kuliko nilivyotarajia. Yako majuma niliyorudi nyuma kabisa, hasa ulipotimia mwaka wa marehemu ndugu yangu, na mke wangu akawa akiniona nimekaa kitandani vidole kwenye kiganja, huja akaniondolea vidole vile bila ya kusema neno.

Na kisha ikaja nikahi. Binti yangu aliposwa, ikapangwa aolewe mwezi wa Mfunguo Mosi, mwaka wa 2019, katika msikiti wa kisiwani. Mimi ndiye walii. Ndugu yangu angalikuwa hai pengine ningalimwomba anisaidie. Sasa ilikuwa ni mimi, mbele ya safu za wanaume wa koo mbili, mkono wangu ndani ya mkono wa bwana harusi, na maneno ambayo hayasemwi nusu yakaachwa. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilifikiri kuwakilisha mtu. Dini yaruhusu, na hakuna angeuliza. Mke wangu akasema, "Ukiweka wakili sitakulaumu. Lakini mtoto atakutafuta kwa sikio." Alikuwa na maana kwamba binti yangu atakuwa nyumbani akisikiliza kwa simu.

Tukakaa. Shekhe akasoma khutba, na katikati yake moyo wangu ukaanza safari zake. Nikavijua vyote vikija kimoja kimoja, kama mtu anayewatambua wageni mlangoni: jasho, kinywa, vidole, kifua. Mlango ulikuwa mbali, safu kumi nyuma yangu. Nikatoa pumzi polepole mpaka ikaisha, nikaacha mwingine aingie mwenyewe. Shekhe akasema tupeane mikono. Mkono wangu ulikuwa baridi kama samaki wa barafu, nikaona haya kumpa kijana wa watu mkono kama ule.

Nikamshika. Wake ulikuwa baridi zaidi, tena ulikuwa ukitetemeka hata pete ya kidoleni mwake ikanigonga. Nikamtazama usoni nikaona midomo imemkauka. Sijui ni kitu gani kilichonipata. Nikamkaza mkono kidogo, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Toa pumzi, mwanangu." Akatoa. Nami nikatoa yangu. Kisha nikamwoza binti yangu kwa mahari tuliyoafikiana, neno kwa neno, nikasimama penye vituo.

Jambo hili halijaniacha kabisa. Ramadhani iliyopita limenijia mara mbili, mara moja nikiwa na sindano mkononi, katikati ya darizi ya shingo. Nikaichomeka sindano kwenye kitambaa nikaweka mikono mapajani. Mteja aliyekuwa amekaa mbele yangu akaniuliza kanzu yake itakuwa tayari lini. Nikangoja kidogo mpaka sauti ilipokuwa tayari, nikamwambia aje Jumatano baada ya alasiri.